Mama Aliyefia Gazetini

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, gari jeupe liliingia kwenye lango la shule yetu, kule nyuma ya Kitengela ambako wakati huo nyumba zilikuwa zinaishia na nyika inaanza. Najua saa kwa sababu nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita, nikatazama mkononi kuona kama kengele ya mapumziko imechelewa. Haikuwa imechelewa. Wageni ndio waliowahi. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akifunga vifungo vya koti, na punde nikaletewa ujumbe kwamba wanatakiwa wasichana wanne, wasafi, wanaojua kujieleza.

Niliwatuma wanne. Walirudi upesi, wamenuna.

"Wamesema hawatutaki," mmoja aliniambia.

"Kwa nini?"

"Wamesema tunang'aa."

"Mnang'aa?"

"Mafuta, Madam. Eti tumejipaka mafuta mengi."

Waliochukuliwa walikuwa wengine wawili, majirani wa dawati moja, ambao zamu yao ilikuwa kufagia stoo. Jumatatu ilikuwa siku ya maji. Kila mtoto alikuja na jerikeni lake kutoka nyumbani, tukanyunyizia sakafu na kufagia, kwa sababu shule haikuwa na bomba wala tangi. Wasichana hao walikuwa weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Walipigwa picha kando ya ukuta wa mabati, wakapewa biskuti, na gari likaondoka kabla mapumziko hayajaisha. Mwalimu mkuu alitutangazia kwamba wageni ni watu wa shirika moja la misaada la Nairobi, na kwamba wameahidi kutujengea tangi.

Nieleze jambo moja kabla sijaendelea, nisije nikaeleweka vibaya. Ukame wa mwaka ule ulikuwa wa kweli. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, na darasani kwangu walikuwamo watoto waliokuja na tumbo tupu na kurudi nalo tupu. Njaa ilikuwapo, na ingeweza kupigwa picha ilivyo. Hasira yangu inaanzia hapo.

Mimi sikusomea uandishi wa habari. Nilisomea ualimu wa shule ya msingi, na mengine yote niliyo nayo nimeyaokota mwenyewe, mengi kwenye magazeti ya kufungia nyama. Mwishoni mwa miaka ya tisini ratiba yetu ilikuwa na kipindi cha maktaba kila Ijumaa mchana, lakini maktaba yenyewe ilikuwa kabati lenye kufuli iliyopotelewa na ufunguo. Nikaanza kununua magazeti makuukuu kwa kilo kutoka kwa mwenye duka aliyekuwa akiyauzia mabucha. Siku moja watoto walikuta magazeti mawili ya tarehe moja yakieleza mkutano mmoja. Moja lilisema uwanja ulifurika, la pili likasema watu walikuwa wachache. Wakaniuliza, "Madam, gani ndiyo ya ukweli?" Katika silabasi nzima hapakuwa na ukurasa wa kunisaidia kujibu.

Nikajitengenezea njia. Tulianza na picha, kwa sababu hata asiyejua Kiingereza vizuri ana macho. Mtoto anafinika kwa kiganja maneno yaliyo chini ya picha, anataja anachokiona tu, si anachodhani. Kisha anafunua, anasoma, na tunauliza: haya ambayo maneno yamesema, picha inayaonyesha? Kama haiyaonyeshi, aliyeandika aliyajuaje? Na huu ukurasa, nani ameulipia? Baadaye tuliingia kwenye habari zenyewe. Walichukua habari moja iliyotoka katika magazeti mawili, ndefu na fupi, wakaziweka sambamba, na wakagundua wenyewe kwamba ile fupi si muhtasari wa ile ndefu. Ni ile ile, imekatwa mkia. Nafasi ikipungua, mhariri hukata kuanzia chini. Ugunduzi huo uliwafurahisha kuliko somo lolote nililowahi kufundisha.

Mkaguzi alikuja mara moja akasimama nyuma ya darasa.

"Hii iko kwenye silabasi?"

"Haiko, bwana."

"Inatahiniwa?"

"Haitahiniwi."

"Basi ni mchezo," akasema, akaandika hivyo. Watoto wale wangemaliza shule wakijua mazao makuu ya nchi ambazo hawatazikanyaga, lakini kuuliza nani amesema, na amejuaje, huo ulikuwa mchezo. Sijamsamehe, na sioni sababu ya kuharakisha.

Wiki kadhaa baada ya gari jeupe, nilifungua rundo jipya la magazeti Ijumaa mchana, nikagawa kurasa. Kundi la mbele lilipata tangazo la nusu ukurasa, picha kubwa.

"Finikeni. Mnaona nini?"

"Msichana."

"Ukuta wa mabati."

"Hana viatu."

"Ana vumbi. Ana huzuni."

"Huzuni unaiona, ama unadhani?"

"Naona hacheki, Madam." Kisha sauti ikapanda. "Madam! Huyu ni wetu! Ni huyu hapa!"

Darasa zima likahamia kwenye dawati lile. Ni kweli, alikuwa yeye, mmoja wa wale wawili wa stoo. Mwenziwe wa dawati akapenya kwa mabega hadi mbele, akaelekeza kidole ukingoni mwa picha.

"Na hiki kiwiko ni changu! Oneni, sweta imetoboka hapa!" Akaweka kiwiko chake kando ya gazeti ili kila mtu alinganishe matundu. "Wamenikata! Na nilikuwa nimesimama vizuri!"

"Wamekuona unatisha," mvulana mmoja akasema, na akapigwa daftari kichwani.

Niliwatuliza, nikamwuliza msichana wa picha, "Viatu vyako vilikuwa wapi? Nakumbuka siku ile ulivaa viatu."

"Yule mtu alisema nivue. Na sweta pia. Akaviweka nyuma ya gari."

"Na kutocheka?"

"Alisema nisicheke, nifikirie kitu kibaya."

"Ukafikiria nini?"

"Hesabu zako, Madam."

Walicheka hadi darasa la jirani likagonga ukuta. Mimi pia nilicheka. Kisha nikasema, "Funueni."

Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Walisoma polepole, wakisaidiana kutafsiri, na kadiri walivyosoma ndivyo kicheko kilivyokauka. Yalisema kwamba msichana huyu wa Kajiado alimzika mama yake mwezi uliopita kwa sababu ya njaa, na sasa anangoja zamu yake. Yalisema shilingi mia mbili tu zingemwokoa.

Msichana alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Mama yangu yuko sokoni," akasema. "Hata sasa hivi yuko sokoni."

Jioni ile nilimpelekea mwalimu mkuu ukurasa. Aliusoma, akaukunja, akanirudishia. "Tuache, Madam," akasema. "Hakuna anayesoma gazeti la zamani."

Alikosea. Jumatano iliyofuata, mama mwenyewe alifika mlangoni mwa darasa langu na mkebe wake wa maziwa. Nilimfahamu kwa kununua maziwa kwake. Nyuma yake alisimama mwanamke mwingine, mdogo wake, kichwa kimenyolewa upya, masikio matupu, shingo haina hata ushanga mmoja.

"Takwenya," nikawasalimu kwa Kimaa.

"Iko," akajibu mama peke yake. Aliweka mkebe chini. "Mwalimu, wewe ndio unasomesha watoto hizi makaratasi?"

"Ndimi."

"Basi nisomee. Mimi nilikufa lini?"

Nilimpa kiti. Hakukaa. Alinieleza akiwa amesimama. Ndugu yao mmoja, kibarua kule Magadi, aliona gazeti, akamtambua mtoto kwa sura. Akalipeleka nyumbani kwa bibi yake mtoto, mama wa huyu mama, ambaye boma lake liko upande huo. Aliwasomea. Na wao walitazama picha, wakaona mtoto amenyolewa na hana shanga, kama anavyokuwa aliyefiwa. Kumbe kunyoa ni sheria ya shule, na shanga ni sisi walimu tunaozikataza. Bibi akanyoa. Wanawake wote wa boma wakanyoa na kuvua mapambo.

"Na hakuna aliyetuma mtu kuuliza?" nikasema. Nilikuwa nimeishi miaka mingi Kitengela, lakini mimi ni mtu wa magharibi mwa nchi, na yapo ambayo sikuwa nimeyafikiria hadi mwisho.

Mdogo mtu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Utauliza namna gani? Ukiuliza, lazima useme jina. Na mtu akikufa, jina lake halisemwi."

Niliyaelewa pole pole, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kuwaka. Uvumi wa kawaida hufa kwa kuulizwa. Mtu anasema, fulani amekufa, mwingine anasema, fulani yupi, mbona jana nilimwona? Kwao jina lilifungiwa siku ile ile, kwa heshima, na pamoja na jina likafungiwa swali. Aliyeandika maneno yale hakujua hilo, na hakuwa na haja ya kujua. Alihitaji yatima, akamwandika. Na nimewasikia watu wakieleza kisa hiki kana kwamba kosa ni la desturi ya Wamaasai. Desturi ile haikumuua mtu. Iliwaamini waliosema kwamba wanasema kweli, basi.

Mdogo mtu alikuwa ametumwa kumchukua mtoto ampeleke kwa bibi. Alipopita sokoni kuuliza njia ya shule, alimkuta marehemu akimmiminia mteja maziwa.

"Ameniangalia kama mimi ni kitu," mama akasema. "Mdomo wazi. Nikamwambia, we, funga mdomo, nzi wataingia! Akakaa chini kwa matope."

Mdogo mtu akajifunika uso. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Sasa, mama, ukienda nyumbani wakakuona, si yataisha?"

"Wataniona wa boma yetu. Na hiyo karatasi imepita boma ngapi? Nitembee zote nikijionyesha kama ng'ombe ya mnada?" Akainama akaushika mkebe wake. "Walisema kwa karatasi. Waseme kwa karatasi niko hai. Na waseme jina langu. Kama jina halijasemwa, mimi bado nimekufa."

Nilipiga simu kutoka kibanda cha posta, kwa namba iliyokuwa chini ya tangazo. Nilipokewa na mwanamke mwenye sauti ya upole sana. Nilimweleza yote.

"Pole sana, Mwalimu. Lakini unajua ile ni picha ya kuwakilisha tu."

"Inamwakilisha nani?"

"Watoto walio katika hali hiyo."

"Basi mngewapiga picha hao."

"Si rahisi kuwafikia. Na pia tunalinda heshima yao."

"Na heshima ya huyu?"

Akauliza, kwa upole ule ule, "Shule yenu si ndiyo ile ya tangi?"

"Ndiyo."

"Basi tungependa tuendelee vizuri, Mwalimu."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mtu aliyekosea anaweza kuvumiliwa. Huyu alikuwa ameambiwa kosa kwa lugha iliyo wazi, akalipima, akaliweka upande wa pili wa mizani na tangi la maji la watoto.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliposikia kwamba nataka kuliandikia gazeti, aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Madam, watoto wako wanabeba maji kutoka nyumbani ambako hakuna maji. Umewahi kuona shingo zao?"

"Nimeziona."

"Tangi ni lita elfu kumi. Mvua moja tu. Na yule mama si yuko hai? Anauza maziwa! Amepoteza nini?"

"Mwulize mama yake, aliyenyoa."

"Ukiandika gazetini, andika kama mtu binafsi."

"Mimi sikuwapo walipopiga picha," nikasema. "Waliokuwapo ni darasa la sita. Ni wao watakaoandika."

"Sijasikia," akasema, na akafungua mlango.

Niliwaeleza watoto mambo yote, pamoja na tangi. Niliona ni haki yao kujua wanaweza kukosa nini, kwa kuwa jerikeni zilikuwa zao. Mvulana mmoja aliuliza kama hatuwezi kungoja tangi lijengwe kwanza, halafu ndiyo tuandike. Lilikuwa swali la busara na sikulidharau. Aliyemjibu ni yule wa kiwiko.

"Wewe mama yako akiwa amekufa gazetini, utangoja simiti ikauke?"

Wakaanza kuandika. Wa kwanza alitaka iandikwe kwamba watu wale ni waongo.

"Unajua walidanganya, ama walikosea?" nikauliza. "Uliona nini?"

"Niliona akiweka viatu nyuma ya gari."

"Basi andika viatu."

Waliandika viatu, sweta, na agizo la kutocheka. Waliandika kiwiko. Kisha wakabishana juu ya mpangilio, nami nikanyamaza, kwa maana hapo ndipo nilitaka kuona kama miaka yangu ya magazeti ya bucha ilikuwa mchezo. Kundi moja lilitaka kuanza na salamu kwa mhariri na pole na kazi, kama tunavyofundisha insha ya barua. Msichana wa picha akakataa.

"Wakikata, watakata chini. Jina la mama liwe juu kabisa. Hata wakibakisha mstari mmoja, uwe huo."

Ndivyo ilivyokuwa. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mama wa mwenzetu, ikataja jina lake lote, yuko hai na anauza maziwa katika soko la Kitengela kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Jina hilo silitaji hapa. Alilitaka gazetini, hakuniomba niliweke kitabuni.

Mama alikuja kusomewa. Binti yake alimtafsiria kwa Kimaa, mstari kwa mstari. Alikubali, ila akataka iongezwe kwamba maziwa yake hayatiwi maji. Tukaiweka mwishoni. Nikaipeleka barua Nairobi mwenyewe, nikaiacha mapokezi ya gazeti lile lile.

Ilitoka baada ya siku tisa, kwenye ukurasa wa barua, pembeni. Nafasi yake ilikuwa kadiri ya kiganja cha mtoto. Walichukua rula wakapima, kisha wakapima lile tangazo la nusu ukurasa, na sikuhitaji kuwafundisha neno. Viatu vilikuwa vimekatwa. Kiwiko kilikatwa, kwa mara ya pili. Chini ya barua, mhariri aliongeza mstari kwamba shirika husika limesema picha ilikuwa ya kuwakilisha. Hapakuwa na samahani. Hata neno moja la samahani halikuandikwa, si siku ile wala baadaye, na mtoto yule aliendelea kungojea mauti kwenye vipeperushi vyao kwa miezi mingine.

Lakini sentensi ya kwanza ilikuwapo, nzima, na jina lilikuwamo, na herufi zake zote zilikuwa sahihi.

Mama alisomewa, akauliza maziwa yako wapi. Tulimweleza kwamba yamekatwa. Alikasirika. "Sasa watu watasema yana maji," akasema.

Jumamosi alisafiri na binti yake na mdogo wake kwenda upande wa Magadi, njia ya kuzunguka kupitia Kiserian, gazeti likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa msichana mwenyewe, Jumatatu asubuhi, akiwa bado na jerikeni lake mkononi.

"Watu walikuwa wengi, Madam, hata wa boma zingine. Wengine walikuwa wanamwangalia mama tu, hawamsalimii. Nikasoma kwa Kiingereza, halafu nikasoma kwa Kimaa. Koko akasema, rudia pale mwanzo."

"Bibi yako?"

"Ee. Nikarudia. Akasema, rudia tena. Halafu yeye mwenyewe akaita jina la mama, kwa nguvu, kama anamwita kutoka mbali."

"Na mama?"

"Akaitika. Alikuwa hapo tu karibu, lakini aliitika kwa nguvu pia. Halafu Koko akaambia watu walete shanga zake."

Nilimwambia aende akanyunyize darasa. Aliniacha nimekaa na madaftari ambayo sikuyafungua kipindi kizima.

Gari jeupe halikurudi. Mwezi ambao tangi lingejengwa ulipita, na ukaja ujumbe mfupi kwamba vipaumbele vimebadilika. Mwalimu mkuu alitusomea katika chumba cha walimu bila kunitazama. Baadhi ya wenzangu walinitazama, na walikuwa na haki, kwa sababu Jumatatu zile shingo za watoto ziliendelea kupinda. Hadi leo naambiwa kwamba kweli ile ilitugharimu. Sivyo. Sisi hatukuuza kitu. Kuna mtu aliyeketi Nairobi akaweka bei juu ya ukimya wa watoto wa darasa la sita, na bei yake naijua, kwa maana mwalimu mkuu alinionyesha makadirio ya fundi kabla ya kuyatupa: tangi la lita elfu kumi, msingi wa mawe, mifereji ya mabati na kazi ya mikono, jumla shilingi laki moja, sitini na nne elfu na mia tano.